Mjane Aliyenitangulia Kihambani

Mume wangu alifariki tarehe 12 Agosti 1993, siku ya Alhamisi. Jumamosi tulimzika nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kama ilivyo desturi huku Mwika. Aliniachia mabinti wawili na kihamba, yaani lile shamba la nyumbani ambalo mtu hulirithi kwa baba yake, hulilima maisha yake yote, na mwishowe huzikwa ndani yake. Hakuacha mtoto wa kiume. Ndani ya sentensi hiyo fupi nimeishi hadi leo.

Kaka mkubwa wa marehemu alisubiri mwaka mmoja na miezi minne. Siku hizo kahawa ilikuwa imeanza kununuliwa na watu binafsi, bei haitabiriki, na jirani zetu kadhaa walikuwa wameng'oa mibuni ili wapande nyanya. Shemeji alitaka upande wa kihamba unaopakana na barabara ajenge duka la bidhaa zinazovushwa mpakani Holili kutoka Kenya. Wala hakunitukana. Aliniambia kwa upole kwamba mjane asiye na mtoto wa kiume ana njia mbili zinazojulikana: kurithiwa na ndugu wa mumewe, au kurudi kwa kaka zake. Nilimjibu kwamba kaka zangu nao wana wake zao, na kwamba mimi si debe la maziwa la kupokezana.

Jambo hilo likafika kwenye kikao cha ukoo cha tarehe 27 Desemba 1994. Vikao vyetu hufanyika wakati wa Krismasi kwa sababu ndipo waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani. Niliomba kihamba kibaki mikononi mwangu, kisha kiende kwa mabinti zangu. Mwenyekiti wa ukoo, mzee mcheshi ambaye ucheshi wake ulikuwa na makali, alinitazama akitabasamu.

“Mama, wewe ni mtu wa madaftari,” alisema. “Tuletee mwanamke mmoja tu, katika ukoo huu, aliyewahi kushika kihamba. Mmoja. Ukimpata tutamfuata.”

Watu walicheka. Mimi nilichukua maneno yake kama ahadi.

Nilijifunza kusoma mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, katika darasa la watu wazima. Aliyejifunza kusoma ukubwani huyaamini maandishi kuliko aliyekulia nayo. Mwezi Februari 1995 nilikwenda usharikani kuomba kuona daftari la kwanza la ubatizo, lile lililoandikwa na wamisionari. Karani alinisomea mwandiko wao wa kale. Babu wa mume wangu alikuwamo, amebatizwa akiwa mtu mzima, na jina la baba yake limeandikwa kando. Nyuma ya hapo hapakuwa na kitu. Serikali ilipoanza kuhesabu watu, wale niliowatafuta walikuwa wameshakuwa udongo. Na wanawake waliokuwamo katika daftari lile walitajwa kama mke wa fulani.

Hata hivyo nilifurahi, kwa kuwa jina lile la baba lilikuwa ndilo jina ambalo mume wangu alikuwa akilitaja kama la mtu aliyekata msitu na kufungua kihamba chetu. Nikachora mstari: mfunguzi, mwanawe aliyebatizwa, na kadhalika hadi kwa mume wangu. Ulikuwa mstari mnyoofu, wa wanaume watupu.

Aliyeuvunja ni shangazi wa marehemu, dada wa baba yake, aliyeolewa kijiji cha pili. Nilimwendea mwezi wa Mei na kilo moja ya sukari. Alikuwa haoni tena, lakini utotoni alikuwa akimshikia baba yake kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, wakati wa matambiko, naye aliwakumbuka wahenga kwa mpangilio uleule walivyomiminiwa. Nilipomsomea mstari wangu alikunja uso.

“Umewapandanisha watu wawili katika kiti kimoja,” alisema. “Wewe umeolewa kwetu miaka mingapi, hujui tunavyoita watoto?”

Niliona aibu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, hivyo jina huruka kizazi kimoja na kurudi. Mfunguzi wa kihamba na yule aliyeandikwa kando kwenye daftari walikuwa babu na mjukuu. Mtu wa kati, mwana wa mfunguzi, alikufa kijana katika vita vya mangi wetu, yaani mtawala wa enzi hizo, na mangi jirani yake, akaacha mke na mtoto mchanga.

“Na kihamba alikishika nani?” niliuliza.

“Yule mke. Hadi mtoto alipokomaa.”

Niliandika maneno yale kama yalivyotoka kinywani mwake, nikaweka tarehe, 21 Mei 1995, nikafunga daftari na kumshukuru. Njia nzima ya kurudi nilitembea kama msichana.

Tarehe 27 Desemba mwaka ule nilisimama mbele ya ukoo nikasoma. Nilikuwa nimemleta shangazi awe shahidi, naye akathibitisha kila jina. Nilimwona shemeji akiinamisha kichwa, nikadhani nimeshinda.

Mwenyekiti akamgeukia shangazi. “Na huyo mama aliishije humo peke yake?”

“Hakuwa peke yake,” shangazi alijibu. “Alirithiwa na shemeji yake. Mtoto alikua mikononi mwa huyo.”

“Ahaa,” alisema mwenyekiti. “Kumbe mama ametuletea shahidi, na shahidi ni wetu. Alikishika kwa ajili ya mtoto wa kiume, tena akiwa chini ya shemeji. Tuliahidi kumfuata. Tunamfuata.”

Safari hii kicheko kilikuwa kirefu zaidi. Nilisema kwamba sitarithiwa na mtu. Mwenyekiti alikubali kwamba siku hizi halazimishwi mtu, kisha wakatoa uamuzi: nitakaa kihambani maisha yangu yote, na nikifa kitakwenda kwa wana wa shemeji. Lakini nyumba ikilala mwezi mmoja bila mimi, itahesabiwa kwamba nimeondoka.

Nilipokuwa nikimrudisha shangazi kwake nilimuuliza kwa nini hakunieleza habari yote tangu mwanzo.

“Hukuuliza,” alisema. “Ulifunga daftari.”

Ilikuwa kweli. Basi nikauliza nililopaswa kuuliza mwezi wa Mei: yule mama alikubali kurithiwa? Aliitwa nani?

“Kukubali? Mwanangu, nani alimuuliza? Na jina silijui. Mbege ilimiminwa kwa wanaume.”

Mwezi Machi 1998 binti yangu mkubwa alijifungua Dar es Salaam. Mzazi huhitaji mama yake kwa miezi mitatu, ampikie mtori na kumkanda. Mimi nilikaa siku ishirini na sita, nikapanda basi nikarudi, nikimwacha na kidonda cha uzazi ambacho hakijapona. Shemeji alipita asubuhi iliyofuata kunijulia hali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatazama kama paa linatoa moshi wa jikoni, akaenda zake.

Krismasi ya mwaka 2001 binti yangu alikuja na mtoto, ambaye alikuwa akiniita Bibi wa Migombani, kwa kuwa Bibi tu ni yule wa upande wa baba anayemwona kila siku. Tukiwa jikoni tunamenya ndizi, binti yangu alisema bila kuniangalia:

“Mama, ukifa kihamba kinakwenda kwa wana wa baba mkubwa. Sisi hatupati hata mgomba mmoja. Sasa unamlindia nani?”

Ningeweza kumtajia kaburi la baba yake, na lisingekuwa uongo. Lakini alikuwa ameuliza kama mtu mzima.

“Simlindii mtu,” nilimwambia. “Nikiondoka watasema nimeshindwa.”

Aliendelea kumenya. Kisha alisema basi lao linaondoka Moshi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba nisijisumbue kuwasindikiza.