Mlango Kati Yangu na Mama Mkwe

Kwa majuma kadhaa niliishi katika nusu ya nyumba yangu. Nusu hiyo ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, bafu, na ukorido ambao mtu mwenye tumbo kama langu hawezi kugeuka ndani yake bila kugusa kuta zote mbili. Nusu ya pili, yenye sebule, jikoni, choo cha wageni, televisheni na mlango wa kutokea duniani, ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Alikuwa ameteleza kwenye matope kwake Kiptere, anakoishi peke yake tangu mumewe afariki, akavunjika nyonga. Hospitali ya Longisa walimfanyia upasuaji, wakamlaza, kisha wakasema anahitaji mtu wa kumwangalia. Watoto wake wengine wako mbali. Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa yetu, hapa Kapsoit.

Kwetu sisi ambao wazazi wetu walikuja huku kutoka upande wa ziwa kuchuma chai, mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa binti yake. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja wao hujifanya kuna kitu amekiangusha kwenye nyasi. Mimi nimesoma. Niliwahi kuandika makala gazetini nikieleza kwamba miiko ya aina hii ilikuwa na maana yake zamani na sasa inafaa ihamie makumbusho. Makala ilisifiwa. Siku gari lilipoingia uani na mama mkwe akiwa kiti cha nyuma, mwandishi wa makala hiyo alikimbilia chumbani na kufunga mlango.

Yeye naye alikataa katakata kulala kwenye chumba chochote kilichopakana na chetu. Alitandikiwa sebuleni. Begi lake hakulifungua. Alilisimamisha kando ya kitanda na kila asubuhi alitoa nguo ya siku hiyo tu, kama msafiri aliye kituoni.

Sharti la kurudi kwake lilikuwa moja. Daktari wa mazoezi ya viungo alilisema mbele yake na mke wangu: kwa kuwa anaishi peke yake, haendi popote mpaka aweze kuinuka kutoka sakafuni bila kuinuliwa na mtu. Kisha akampa mpira. Ulikuwa mrija mrefu wa kijani, wenye vishikio pande zote mbili, na katikati yake umepitishwa kwenye utepe wenye kifundo kigumu. Kifundo unakipitisha upande wa pili wa mlango, unafunga mlango, halafu unakaa kwenye kiti na kuvuta. Mikono kwanza, kisha mguu.

Mlango wa mbele ulikuwa ukipitisha mvua. Wa jikoni ni wa bati na unalia ukiutazama tu. Uliobaki ni ule wa ukorido, nao hufunguka kuelekea sebuleni, na kitasa chake kilikufa zamani. Mtu akivuta mpira akiwa sebuleni, mlango unamfuata.

"Basi wewe utaushikilia kwa ndani," mke wangu aliniambia, akitafuta mwavuli. Anafanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha chai na hutoka nyumbani mapema.

"Nitaushikiliaje?"

"Kwa mikono. Ama hiyo hawakuwafundisha chuo kikuu?"

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kitasa. Nilifunga leso kuukuu kwenye mkono wa mlango, nikaizungusha kiunoni, nikakaa sakafuni na kukanyaga fremu kwa miguu yote miwili. Upande wa pili mama mkwe alivuta kuelekea kwake. Mimi nilivuta kuelekea kwangu. Hatukuonana. Nikifikiria ni nani aliyekuwa akifanya mazoezi zaidi, naona aibu hata leo.

"Mkwe, uko?"

"Niko, mama."

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Maana jana ulishika kama mtu amepewa mtoto wa wenyewe."

Kabla ya mpira huo, kwa miaka yote ya ndoa yangu, sidhani kama tulikuwa tumesemezana maneno ya kujaza kikombe. Sasa alinisema kila asubuhi na kila alasiri. Mlango ukicheza kidogo aliuliza kama nimesinzia. Nikihema aliuliza kama ni mimi au ni ng'ombe wa jirani. Nami nilijibu "ndiyo, mama" na "pole, mama" nikiutazama ubao wa mlango, ambao nilikuja kuujua kila ufa.

Baada ya mazoezi nilibaki kule kule. Madirisha yetu yana vyuma, kama ya kila mtu. Nje niliona ua, mteremko wa majani chai, na wachumaji wakipita wamejifunga makaratasi ya nailoni kiunoni. Mchana mvua ilishuka na kuufuta mteremko wote. Niliandika nikiwa kitandani, tarakilishi juu ya mto, na kila sentensi ilitoka imelala. Mke wangu aliniachia chupa ya chai asubuhi; ikiisha, imeisha. Niliweza kukaa nikisikia harufu ya majani yakikaushwa kiwandani, katikati ya chai ya kutosha kulevya taifa, nami sina hata tone.

Kutoka kulikuwa na utaratibu. Nilikohoa. Yeye akajibu kwa kugonga gongo sakafuni, akajifunika leso kichwani na kugeukia ukuta, nami nikapita nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Kurudi, vivyo hivyo. Siku moja nilikuwa jikoni alipoanza kuvua soksi ya mguu wenye jeraha, asisikie kikohozi changu. Nilisimama mle nikitazamana na sufuria ya maharagwe mpaka mke wangu akarudi kazini.

Nilijionea huruma sana mpaka nilipomsikia akizungumza na dada yake kwenye simu.

"Niko rumande," alisema. "Wananilisha vizuri. Lakini hata kujikuna naogopa, kwa sababu mkwe yuko hapo nyuma ya mbao, maskini, kama kuku aliyeatamia. Nitakufa kwa haya kabla ya huu mguu."

Baada ya hapo nilikaza leso zaidi.

Siku moja mvua ilikuwa imeanza mapema. Alimaliza mikono, akasema anapitisha mguu kwenye kishikio. Nikasikia kiti kikikwaruza, kisha kishindo kizito, na mlango ukanivuta ghafla kabla ya kulegea.

"Mama!"

Mvua juu ya mabati.

"Mama, umeanguka?"

"Nimekaa chini."

"Umeumia? Nifungue?"

"Usifungue! Leso imetoka. Na niko hapa hapa mlangoni, ukifungua utanipiga nao kichwani."

Hilo lilikuwa kweli. Mlango ulifunguka kuelekea kwake, naye alikuwa ameuziba kwa mwili wake. Nilimpigia jirani, mama wa Kikipsigis anayetuletea maziwa. Simu iliita mpaka ikachoka. Nadhani alikuwa kwenye kituo cha kupimia majani, ambako mvua ikinyesha hakuna anayesikia simu. Mke wangu hakushika pia. Nilipofikiria dirisha, vile vyuma vilinitazama.

"Mguu unauma, mama?"

"Unauma kama jana. Haujavunjika, naujua ukivunjika."

"Basi kaa hapo utulie. Mtu atakuja."

"Mtu gani? Anikute nimekaa chini kwa mkwe, miguu nje?" Alipumua kwa nguvu. "Wewe uko?"

"Niko."

"Umeshika?"

Niliizungusha leso mara ya pili kiunoni, nikakanyaga fremu, nikalala chali ukoridoni mpaka kichwa kikagusa ukuta. "Nimeshika."

Aliushika mrija karibu kabisa na mlango, mahali ambapo haunyooki sana. Nililijua hilo kwa jinsi uzito ulivyokuja, taratibu, halafu wote kwa mara moja. Leso ilinikata mbavu. Mlango ulisogea upana wa kidole, nikaona mwanga wa sebule, nikafumba macho kwa adabu na kuvuta. Alishuka. Nikasikia makalio yakigusa sakafu na neno la lugha yetu ambalo sikujua kama mama mkwe analijua.

"Tungojee mtu, mama," nilisema.

"Wewe ngoja. Vuta ukingoja."

Akaanza tena. Safari hii alikuwa akijielekeza kwa sauti: goti zuri hapa, mkono hapa, wewe kiti usikimbie. Mimi nilisukuma fremu kwa miguu yote miwili. Sikuwahi kumbeba mtu mzima maishani, na sasa nilikuwa nimembeba mmoja kupitia mbao, bila kumgusa, bila kumwona. Kisha uzito ukaondoka. Kiti kililia. Palikuwa na pumzi tu, zake na zangu, kila moja upande wake.

"Niko juu," alisema.

Nilikuwa bado chali, nikiifungua leso kiunoni.

"Mkwe, umekufa?"

"Bado, mama."

"Nani ameniinua?"

Nilikumbuka sharti la daktari. "Hakuna mtu, mama."

"Umwambie hivyo binti yangu akirudi. Hakuna mtu. Kesho nitakaa chini tena."

Na akakaa. Kesho yake na siku zilizofuata alishuka sakafuni kwa makusudi na kupanda tena, kwanza kwa mpira, kisha kwa kiti peke yake, huku mimi nikishikilia mlango ambao haukuwa ukivutwa na mtu, kwa sababu hakuniambia niache. Siku ya kliniki, mke wangu alinisimulia, mama yake aliketi sakafuni mbele ya daktari kabla hajaombwa, akainuka kwa kushika benchi, akauliza gari linaondoka saa ngapi.

Walipopitia nyumbani kuchukua begi, nilikuwa chumbani. Kulikuwa na manyunyu. Kupitia vyuma vya dirisha nilimwona kwa mara ya kwanza tangu aje: mwanamke mdogo kuliko uzito niliokuwa nikiushikilia, leso kichwani, gongo mkononi. Mke wangu alitaka kumshika kiwiko, mama yake akaupiga mkono wake. Dereva alitaka kusaidia, akatazamwa akarudi nyuma. Alimpa binti yake gongo, akashika mlango wa gari kwa mikono miwili, akageuka, akajishusha kitini kidogo kidogo huku mvua ikimlowesha na watu wote wakingoja. Mguu mmoja uliingia. Wa pili ulikwama kizingitini, akauinua kwa mkono, akauweka ndani, akafunga mlango mwenyewe.