Waya Haufumuliwi Kama Sweta

Jana fundi redio wa jirani alichoma waya. Moshi wake ulipoingia ndani nikajikuta jikoni kwa bibi, kule Iyunga, nina miaka tisa, roho inaniuma kwa wivu.

Ilikuwa miaka ile reli inajengwa. Vipande vya waya wa shaba vilizagaa, na bibi, aliyemzaa mama, alivikusanya akavitia kwenye makaa mpaka vikalainika. Kisha kwa sindano ya magunia na kijiti kinene kama kidole gumba alifuma bangili, kitanzi ndani ya kitanzi, polepole, mpaka kijiti kikavaa soksi nyekundu inayong'aa. Maharusi wa Soweto, mtaa wa pili, walizifuata kwake.

Niliishi pale tangu sijaota meno. Mama alifanya kazi mjini, akija Jumapili. Nilichochea moto ule miaka, nikingoja siku nitakayoambiwa, "Haya, shika." Badala yake akaja Atupele, mtoto wa mama mdogo, kutoka Ipogolo kule Iringa, mpole mpaka anakera. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alipewa sindano. Jembe likabaki langu.

"Bibi, na mimi?"

"Gwe, we mtoto, kasome daftari lako."

"Nimeshasoma."

"Soma tena."

Atupele akacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Nilitamani kumng'ata.

Mwezi haukuisha, akamaliza bangili yake ya kwanza. Bibi akaivaa kanisani! Kesho yake, walipokwenda mtoni, nikaichukua. Sikutaka kuiba, nilitaka kujua tu. Kwetu kwenye baridi kila mtoto ameona sweta kuukuu likifumuliwa, uzi ukaviringwa, likafumwa upya. Nikasema nitafumua nione njia yake, halafu nirudishie. Safu tatu zikatoka vizuri. Ya nne ikakatika. Kila nilipounyoosha waya ulikatika pengine, mpaka nikabaki na mabua mekundu mapajani.

Bibi hakunipiga. Alivitazama vipande, akanitazama mimi, akafungua mdomo kama mtu mwenye neno. Kisha akageuka: "Atupele, anza nyingine." Nililia mpaka nikatapika. Niliamini hanipendi, na alipozikwa mimi nikiwa shule ya bweni, nilikuwa bado naamini hivyo.

Juzi nilipojifungua, mama alikuja kuniuguza. Tukamtaja Atupele, jinsi watu wanavyopanga foleni kwake kufuata bangili. Mama, huku akinikanda mgongo kwa maji ya moto, akasema kama anayetaja bei ya chumvi:

"Wewe nilimkataza bibi yako asikufundishe. Ungeionja kazi ile, shule ungeiacha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Na shule nimeifaidi, sikatai. Lakini bibi alibeba chuki yangu mpaka kaburini kwa kutunza neno la binti yake, na wote wawili waliniona mdogo mno kuambiwa ukweli, ila si mdogo mno kuumia.

Nikamnyang'anya mama kitambaa, nikajikanda mwenyewe.