Wembe Kooni kwa Ajili ya Gemu

Mwanangu kinyozi ana mkono mwepesi na kichwa kigumu. Wateja wake wanacheza gemu ya Kijapani ya mashujaa na majoka wakingoja kunyolewa. Ile ya kwanza ilikuwa ya kupigana kwa zamu, wewe piga, adui naye apige. Juzi ikaja ya pili, humo wanarukiana wote kwa pamoja, na duka likagawanyika; mwanangu akashika upande wa ya pili.

Fundi bomba alikuwa kitini, ndevu za upande mmoja zimeshanyolewa.

"Ya pili takataka," akasema. "Ya kwanza mtu ulingoja zamu yako kistaarabu."

Wembe ukasimama kooni.

"Rudia," mwanangu akasema, macho yamemtoka.

Mimi pale kwenye benchi nikamwona tayari mwanangu yuko jela kwa ajili ya katuni.

"Weka wembe chini, baba. Weka, nimesema!" nikamfokea.

Akauweka. Fundi akachomoka na nusu ndevu zake, akafika barabarani ndipo akapata mdomo: "Takataka!"

Kesho yake karudi, kajifunika taulo usoni. Mwanangu, mjinga yule, akamkunjulia kiti. Nikasimama mlangoni, nikamzuia.

"Si unapenda zamu, bwana? Foleni ile pale. Kaa nyuma, kistaarabu."