Bomba Lililopita Uwanja wa Shemeji

Shemeji alimpiga mume wangu, ndugu yake wa tumbo moja, kwa spana ya bomba, mbele ya macho yangu na ya mama yao. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la maharage. Nilisikia mfupa wa bega ukialika kama kijiti kikavu, kisha nikamwona mume wangu amepiga magoti ndani ya mtaro, tope hadi mapajani, mkono mmoja ukining'inia kana kwamba si wake.

"Rudia tena kusema nitoe choo changu," shemeji alisema akihema. "Rudia!"

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliuchomoa mchi kwenye kinu, akamwendea mwanawe mkubwa, akamtandika nao mgongoni. Shemeji akaangusha spana, akaondoka ameinama, mkono kiunoni.

Mimi nilikuwa bado mgeni Kilosa. Nilizaliwa Mikumi, kando ya barabara kuu, nikakua nikibeba maji kichwani. Niliolewa ile miaka ya ruksa, wakati karibu kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinauzwa. Shamba la mkonge ambalo baba mkwe alilitumikia hadi kufa lilipata mwenyewe mpya, na wanawe wote wawili wakapunguzwa kazi siku moja. Mume wangu alikuwa fundi bomba wa kambi ya shamba. Alitoka na ufundi wake. Shemeji alikuwa mnyapara. Alitoka na sauti ya kuamrisha watu ambao hawakuwepo tena. Mkewe alirudi kwao Malolo na watoto, naye akabaki peke yake katika nyumba ya udongo jirani na yetu, akinywa.

Nilipoingia kama bibi harusi, maji yalikuwa tayari yamefika uani kwetu. Mume wangu alikuwa ameokota mabomba ya chuma yaliyotupwa kambini, akaomba ruhusa, akavuta maji kutoka bomba kubwa lililofuata reli. Njia pekee ilikuwa kupitia uwanja wa kaka yake. Shemeji alikubali, akakataa, akakubali tena. Halafu siku moja, bila kumwambia mtu, akachimba shimo la choo juu kabisa ya mahali bomba lilipopita. Mume wangu alipoenda kufukua ili alihamishe, ndipo ilipotumika ile spana.

Choo kikabaki. Bomba likabaki limelala wazi kwenye mtaro, na kiungo kimoja kando ya choo, kilichogongwa katika purukushani, kikawa kinavuja. Mume wangu, mkono umefungwa kwa kanga yangu, alinielekeza kukizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli. Nilivikaza kwa meno na vidole. Maji yalipungua kuvuja, hayakuisha.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mkali, na sitamsafisha kwa kuwa ni marehemu. Wiki niliyoolewa alinizaba kofi kwa sababu niliiacha koki wazi mvua ikinyesha. Nililia, nikafunga nguo zangu nirudi Mikumi. Akaja kukaa mlangoni kwangu na ungo wa mchele, akapepeta bila kunitazama.

"Mumeo hajazaliwa bado, mto ulitoka kwenye kingo zake," alisema. "Ulichukua mbuzi wangu na kuku wangu. Tukasema alhamdulillahi, watoto wazima. Maji yalipokauka nikafungua bomba la kambi, nikampa binti yangu kikombe. Kumbe bomba lilikuwa limepasuka chini ya vyoo." Akapuliza pumba. "Mto ulichukua mbuzi, mwanangu. Bomba ndilo lililochukua mtoto. Ukiniona nafunga koki, usiniulize."

Hakuniomba radhi kwa lile kofi. Nikafungua nguo zangu, nikabaki.

Masika ya mwaka ule ilianza kwa kishindo. Redio ilionya watu wa mabondeni, lakini mama mkwe hakuwa na haja ya redio. Aliamka, akatazama milima upande wa magharibi, akaiona imemezwa na weusi usiosogea, akaanza kutuamrisha. Jaza mapipa yote. Funika, funga kwa nailoni, kaza kwa kamba. Unga na chumvi juu ya kenchi, kwenye mbao za paa. Kuni ndani. Halafu akaenda mwenyewe hadi mwanzo wa mtaro, bomba letu lilipoungana na lile la reli, akaifunga koki kubwa, kisha akaja kuifunga ya uani.

Kazi ya paa iliniangukia mimi, kwa kuwa mume wangu hakuweza kupanda. Nilijifunga kanga kiunoni, nikapanda na waya, nikawa nayafunga mabati kwenye mbao mume wangu akinielekeza kutoka chini. Shemeji alikuwa kibarazani kwake, chupa kando.

"Shikamoo shemeji," nilimwamkia kutoka juu.

"Marahaba. Leo umeolewa na bati?"

"Na wewe lifunge la kwako, shemeji. Mama anasema hii si mvua ya kawaida."

"La kwangu lilipigiliwa misumari na mwanamume," akasema, akacheka.

Upepo ulifika adhuhuri. Haukuja ukiongezeka kidogo kidogo. Ulikuja kama kundi la watu wanaovunja mlango. Mpapai wetu ulilala chini papo hapo. Mvua haikudondoka, ilirushwa, ikipita ubavuni, ikitoboa udongo wa kuta. Nilichungulia dirishani nikaona paa la shemeji likiinuka upande mmoja, likitetemeka, kisha likang'oka. Bati moja lilizunguka hewani na kushuka kwa makali yake. Nilimsikia akipiga yowe lisilo na maneno. Lilikuwa limempasua paja.

Halafu tukasikia sauti nyingine, nzito, kutoka upande wa reli. Mto Mkondoa ulikuwa umevunja tuta. Maji yalipitia kwenye kalavati yakiwa mekundu, yamebeba magogo, milango, mbuzi anayelia, kitanda cha mtu. Yalijaa uani kabla hatujakubaliana la kufanya. Mapipa yetu yalisimama, maji yakiyapiga ubavuni.

Shemeji alikuwa bado kwenye nyumba isiyo na paa, amekumbatia nguzo ya kona, damu ikimtoka na kuyeyuka ndani ya maji. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umeshaanza kuinama.

"Wacha afe," nilisema. Maneno hayo niliyasema, na mume wangu aliyasikia.

Mama alikuwa ameshajifunga kamba ndefu ya katani kiunoni. Ncha nyingine aliizungusha kwenye nguzo ya mlango wetu, akanikabidhi mimi na mume wangu. Mkono mmoja akashika mchi kama bakora ya kupimia kina, akaingia majini. Yalimfika kifuani. Mara mbili alizama, na mara zote mbili nilikiona kilemba chake kikitokea mbele zaidi, si nyuma.

Alimfikia. Alimfunga kamba chini ya makwapa, mwili wake na wa mwanawe katika kitanzi kimoja. Lakini shemeji hakutaka kuiachia nguzo. Hofu ilikuwa imemshika, au pombe, au vyote. Mama alimsemesha kwa Kisagara, lugha ya nyumbani waliyokuwa hawaitumii mbele yangu. Shemeji akatikisa kichwa, macho ameyafumba. Ukuta ukatoa ufa kutoka juu hadi chini.

Mama akauinua mchi, akampiga kwenye vidole. Akapiga tena. Mume wangu alipiga kelele, "Mama, unamvunja!" Alikuwa anamvunja kweli. Alipiga kama anayetwanga, uso wake hauna huruma wala hasira, mpaka mikono ile ikafunguka. Tukavuta. Mume wangu alivuta kwa mkono mmoja na meno, mimi nikavuta huku kamba ikinichuna viganja. Ukuta ulianguka nyuma yao na kurusha wimbi lililowasukuma hadi mlangoni kwetu.

Tulimlaza shemeji juu ya meza, maji yakipita chini yake. Mama alimkaza paja kwa kitambaa, akamfunga vidole kwa vijiti. Shemeji alilia kama mtoto.

Mto uliposhuka uliacha tope kila mahali na mizoga ndani ya tope. Maji tuliyokuwa tumeyakimbia yakawa hayapo ya kunywa. Bomba la mtaa lilikuwa limefukiwa. Mama aligawa maji ya mapipa yetu kwa kikombe, kwa watoto kwanza, yote yakiwa yamechemshwa kwa kuni tulizoziokoa. Pipa la mwisho lilipoanza kulia kwa ndani, watu wakaanza kuitazama koki ya uani.

Mbele yao alikuwa jirani yangu, mwanamke wa rika langu tuliyezoea kusukana naye nywele. Mtoto wake wa kiume alikuwa mgongoni, midomo imekauka.

"Fungua," aliniambia. "Bomba kubwa lina maji, nimeyasikia yakipita."

"Yamo, lakini ni mabaya. Bomba letu limepasuka pale chooni. Subiri litengenezwe."

"Nyie mmekunywa. Sisi ndio tusubiri?"

Akanisukuma. Nikaikumbatia koki. Akanipiga na jiwe juu ya jicho, nami nikamvuta nywele zile zile nilizomsuka, tukaanguka topeni. Mtu alimnyakua mtoto mgongoni mwake. Tulipigana kama wanyama. Nilimng'ata mkono hadi nikasikia chumvi. Mama alikuja na mchi wake, lakini wanaume wawili wakamnyang'anya, wakamsukuma akakaa chini.

Kutoka ndani, juu ya meza, shemeji alipaza ile sauti ya unyapara.

"Msinywe! Choo changu kiko juu ya hilo bomba! Nimekichimba mimi mwenyewe! Msinywe, jamani!"

Hakuna aliyegeuka. Mmoja alikimbia hadi mwanzo wa mtaro akafungua koki kubwa, mwingine akaivunja ya uani kwa jiwe. Maji yaliruka juu, ya kahawia, yenye nguvu. Wakayachuja kwa kanga wakanywa. Walikunywa wakicheka, wengine wakinawa uso. Mimi nilibaki topeni, jicho limefumba, nikimwona jirani yangu akimnywesha mwanawe kwa kiganja.

Kuhara kulianza kabla tope halijakauka. Watu walibebwa kwenye machela na baiskeli kupelekwa hospitali. Wengi walirudi, wamekonda. Wengine hawakurudi. Mtoto wa jirani yangu alizikwa alasiri, na mimi sikwenda. Niliogopa watasema nimekuja kuonyesha kwamba nilikuwa mkweli.

Mume wangu na kaka yake waliliondoa bomba lile pamoja. Hawakupatana kwa maneno. Sikuwahi kusikia mmoja akimwomba mwenzake msamaha. Shemeji alifukia choo, akachimba kingine mbali, upande wa chini, akishika sururu kwa vidole vilivyopinda ambavyo havikunyooka tena maisha yake yote. Bomba jipya walilizungusha nje ya uwanja wake, wakalizamisha kina cha kiuno. Mama alikaa kwenye kigoda pembeni, akiwatukana kila mtaro ulipokosa kina. Walipofungua maji waliyaacha yamwagike siku nzima, na bado mama hakuruhusu mtu anywe bila kuchemsha.

Jirani yangu alikuja mwezi ulipoandama. Alipiga hodi kwa sauti ndogo. Kovu la meno yangu lilikuwa bado jeusi mkononi mwake, na mimi kovu la jiwe lake lilikuwa juu ya jicho. Nilimkaribisha akakaa kwenye mkeka. Nilimpa pole, akaitikia. Nilileta maji kwenye kikombe, akayatazama, akakisukuma kikombe pembeni kwa kidole.

"Ungenipiga zaidi," alisema.

Sikumwelewa.

"Siku ile. Ulinishika nywele tu, ukaning'ata tu. Ungeokota jiwe. Ungenipiga mpaka nisiweze kusimama."

Mama alikuwa kizingitini, ametusikia. Alikuja polepole, kwa kuwa tangu asukumwe siku ile nyonga ilimuuma, akajishusha kwenye mkeka kando ya jirani yangu. Hakumwambia asilie wala hakumtaja Mungu. Alimuuliza mtoto aliitwa nani, ingawa alimjua tangu kuzaliwa. Jirani akalitaja jina. Mama naye akataja jina la yule binti yake, jina ambalo miaka yote niliyokaa katika nyumba ile sikuwa nimelisikia. Wakakaa hivyo, wamegusana mabega. Mimi nikaenda jikoni kuinjika chai.