Kinyozi Aliyekwenda Hospitali na Kioo

Watu walimwita Redio, naye hakukasirika. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla mashine haijagusa kisogo umeshapata habari za mtaa mzima na maoni yake kuhusu ndoa ya fundi viatu wa mlango wa pili. Mashine ikinguruma, yeye alinguruma juu yake. Wateja wenye haraka walikwenda kwa vinyozi wengine. Wenye upweke walikuja kwake hata kama hawakuwa na nywele za kunyoa.

Kisha Redio akanyamaza.

Hakufiwa na mtu, wala hakugombana na mtu. Alianza kwa kuchelewa kufungua duka, akaja kunyoa bila kusema neno, kisha chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Siku moja alimnyoa fundi viatu upande mmoja wa kichwa, akazima mashine, akakaa kwenye benchi la wateja na kukodolea macho sakafu.

"Redio, na upande wa pili?"

"Nimechoka."

"Sasa mimi nitarudije nyumbani hivi? Mke wangu atanijua kwa upande upi?"

Zamani maneno kama hayo yangemfanya acheke mpaka ashike ukuta. Siku hiyo machozi yalimtoka tu, bila sauti, yakadondokea nywele za watu pale chini. Fundi viatu alivaa kofia, akafunga duka kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kumwita Dada, dada mkubwa wa Redio.

Dada alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mwanamke ambaye hata leso yake ya mkobani ilipigwa pasi pande zote mbili. Ndiye aliyemlea Redio baada ya mama yao kufariki. Alimpeleka hospitali siku hiyohiyo, akamjibia maswali yote ya daktari, hadi daktari akamwomba kwa heshima atoke nje. Alipobaki peke yake, Redio alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba kulikuwa na asubuhi alizotamani asingeamka. Daktari hakushtuka. Alimwambia hiyo ni sonona, tena kali, na kwamba inatibika. Akampa vidonge na kumpangia kuonana na mshauri kila Jumanne.

Dada alikubali vidonge, akakubali mshauri. Alichokataa ni jina la ugonjwa.

"Ukoo wetu haujawahi kusemwa barabarani," alisema wakiwa njiani kurudi. "Wakiuliza, tutasema meno."

"Meno kila wiki, Dada?"

"Si unayo mengi?"

Basi yakawa meno. Kila Jumanne Redio alitoka nyumbani ameshika shavu kama alivyoagizwa. Mara nyingine alienda ameshika la kushoto, akarudi ameshika la kulia. Majirani walimhurumia, wakamletea uji na viazi vilivyopondwa. Fundi viatu alimtazama kwa muda mrefu siku moja, akasema, "Ndugu yangu, kwa jinsi wanavyokung'oa, humo mdomoni nadhani umebaki ulimi."

Huo ulimi wenyewe ulikuwa umegoma. Mshauri alikuwa binti mpole mwenye miwani, na chumbani mwake mlikuwa na viti viwili vinavyotazamana. Redio alikaa, akatazamwa, akaganda. Maisha yake yote hakuwa amezoea kuongea na mtu uso kwa uso. Aliongea na watu ndani ya kioo, yeye amesimama nyuma yao, mikono ikiwa kazini. Kukaa hivyo na kutazamwa kulimfanya ajione yeye ndiye anayenyolewa. Kwa hiyo akafanya anachokijua: akaanza kuuliza yeye. Unakaa mbali? Mbona macho mekundu, binti yangu, hulali?

Jumanne kadhaa zikapita namna hiyo, mpaka binti akashtuka katikati ya sentensi.

"Kaka, nimekueleza habari zote za mchumba wangu. Hivi kati yetu sisi wawili, mgonjwa ni nani?"

"Mchumba wako," akasema Redio.

Binti alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamuuliza kazini huwa anaongeaje na watu, naye akaeleza.

"Basi wiki ijayo kilete hicho kioo."

Jumanne iliyofuata Redio alikifungua ukutani kioo cha dukani, akakifunika kwa shuka la kunyolea, akashika njia. Tatizo ni kwamba kioo kilitaka mikono miwili, na shavu likakosa wa kulishika.

"Redio!" alipaza sauti fundi viatu. "Daktari gani wa meno anataka kioo cha ukutani?"

Habari hizo zilimfikia Dada kabla kioo hakijafika getini pa hospitali.

Binti alikaa mbele ya kioo, Redio akasimama nyuma ya kiti na chanuo mkononi, hachani kitu. Na maneno yakatoka. Yalitoka vibaya mwanzoni, kisha yakatoka kama zamani. Alieleza jinsi asubuhi zilivyokuwa nzito, na jinsi alivyochekesha watu mtaa mzima huku ndani yake pakiwa pakavu.

"Tena meno yangu ni mazima," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Dada yangu hakunionea haya hata nilipofeli darasani mwake. Sasa ananionea haya. Leo akiniambia niache kuja hapa, nitaacha, maana siwezi kumkatalia. Na nikiacha, najua nitakakorudi."

Hapo akasikia viatu vya kisigino kwenye korido. Alivijua. Vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimenyamaza kwa mlio ule. Viatu vilikuja kwa kasi huku yeye akiendelea kuongea, vikafika mlangoni, vikasimama.

Mlango haukugongwa. Badala yake ikasikika sauti nyingine, ya mwalimu mwenzake Dada wa siku nyingi, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mwalimu Mkuu! Wewe hapa? Mbona hiki ni chumba cha wenye matatizo ya akili?"

Chanuo likasimama hewani. Redio na binti wakatazamana ndani ya kioo.

Dada alikohoa kidogo, kama alivyokohoa zamani mbele ya shule nzima.

"Namsubiri mdogo wangu. Anaumwa sonona na anatibiwa. Leo anaongea, nimemsikia kwa masikio yangu baada ya miezi mingi, kwa hiyo naomba upunguze sauti usije ukamkatiza." Kisha akauliza, "Na wewe mwenzangu, umefuata nini?"

"Mimi? Mimi... meno."

"Meno ni jengo la mbele. Umepita mlango wake ukija. Kaa hapa, wewe unanifuata mimi kwenye foleni."

Redio alicheka mpaka akashika ukuta.

Hakupona siku hiyo. Zilikuwepo Jumanne nyingine alizovutwa kitandani kwa mkono. Lakini siku hiyo kioo kilirudi dukani kimebebwa na watu wawili, Dada mbele na Redio nyuma, tena kwa barabara kubwa, Dada akiwasalimu watu wote mmoja mmoja.

"Mwalimu!" fundi viatu aliita kutoka mlangoni kwake. "Vipi meno?"

"Yote mazima," alijibu Dada bila kusimama. "Njoo ushike kona hii, kinaelemea."