Babu wa Bwana Campbell

Aibu hii naieleza mwenyewe, kabla hajaieleza mtu mwingine. Nilikuwa mkalimani wa wahandisi wa barabara, nimerudi Oman karibuni kutoka Unguja, na Kiingereza changu kimenitia kiburi. Siku moja nikampeleka Bwana Campbell, Mskochi, kwa sheikh wa kabila letu pale Ibra. Sheikh huyo ndiye aliyenishuhudilia kuwa ni wa kabila lao nilipotaka pasi. Kahawa ilipozunguka, sheikh akauliza kama tuulizanavyo sote: mgeni ni wa ukoo gani?

Campbell akajibu kwa furaha. Alisema Campbell ni ukoo mkubwa kwao, lakini yeye si wa damu yao. Babu wa babu yake alikuwa fundi viatu aliyekimbilia kwa mkuu wa ukoo huo kutaka ulinzi. Akapokewa, akachukua jina lao.

Uso ukaniwaka. Fundi viatu, mbele ya sheikh! Nikatafsiri: "Anasema babu zake walikuwa masheikh."

"Ibn shuyukh, mashallah!" Sheikh akampa mkono huyo "mwana wa masheikh".

Kumbe Campbell maneno hayo anayajua. "La, la!" Akainuka akicheka, akaleta kiatu chake kutoka mlangoni, akawa anakigonga soli kama apigiliaye misumari. "Babu yangu, hivi!" akasema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.

Sheikh akanigeukia.

"Babu yako naye alikuja kwetu fundi viatu vivyo hivyo, akitaka ulinzi, na jina letu tukampa kwa moyo mmoja. Basi niambie, mwanangu: umemwonea haya mgeni, au babu yako?"