Kibuyu cha Shemeji

Jumamosi, tarehe 6 Septemba. Asubuhi ukungu, mchana jua na vumbi. Mvua bado.

Nimefanya jambo leo na sijui naliandika kwa kujisifu au kwa kutubu. Nadhani ni kujisifu.

Tangu daktari aniachishe pombe mwaka jana sijatunga wimbo hata mmoja wa inanga, hili zeze letu la ubao. Shemeji, kaka wa mke wangu, akashika nafasi yangu kwenye sherehe. Hilo si kosa lake. Nafasi ilikuwa wazi, na ndiye aliyenikimbiza hospitali kwa pikipiki yake. Lakini alisema mbele za watu hapa Ntobeye, "Ubongo wa shemeji sasa ni mgomba wa kiangazi. Usipoulowesha hauzai." Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaliweka moyoni miezi saba.

Leo jirani alipokea mahari ya binti yake, na mimi ndiye niliyekamua ndizi za pombe. Kwetu mpiga inanga hupewa kibuyu chake na mrija wake kabla ya wageni. Nikamjazia shemeji umutobe, juisi ya ndizi ya asubuhi ile ile, haijachachuka hata kidogo. Juu nikanyunyiza unga wa mtama, ifanane na pombe.

Akavuta. "Mbona tamu hivi, shemeji?"

"Hiyo tamu ndiyo inayoangusha. Nenda nayo polepole."

Hakwenda polepole. Kufika nusu, macho yamelegea, ulimi mzito, vidole vimefunguka. Haki yake nimpe: sijawahi kumsikia akipiga vile. Alimtungia binti ubeti palepale, mama yake akalia.

Ndipo nikasimama nikasema kilichomo kibuyuni. Bibi mmoja akaonja. "Huu tunawapa watoto," akasema.

"Mshikeni mlevi wa juisi asianguke!" mgeni mmoja akapaza sauti.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Shemeji aliinamia nyuzi zake. Nilifurahi. Bado nafurahi, Mungu anisamehe.

Wakati wa kuondoka alinisogelea, hana hasira. "Kumbe naweza bila pombe. Sasa wewe, shemeji, kinakuzuia nini?"

Mwaka mzima nimekuwa nikisema ni pombe niliyoiacha. Nimerudi nikaishusha inanga ukutani, nikakaa nayo mpaka jua likazama. Hakuna kilichokuja.

Jioni tumekula ndizi za kupika na maharage. Sahani ya kwanza, ambayo huwa yangu, mke wangu amempelekea kaka yake.